Ukisukumwa Usigeuke

Mimi kushukuru sijui. Mke wangu Veneranda ndiye anayesema hivyo, na kwa kuwa amekaa nami miaka ishirini na mbili hana haja ya kunisingizia. Akinipakulia nakula, nikishiba nalalamika chumvi. Lakini hili la Nyabenda limenikaa kooni tangu Novemba, na nisipolitoa litanipasua. Kwa hiyo nisikilizeni, na anayetaka kucheka acheke mwishoni.

Naitwa Selestini. Nabeba mawese kwa baiskeli kutoka Simbo kwenda soko la Mwanga, madumu manne kila safari, huu mwaka wa kumi na tisa. Baiskeli yangu ni ya Kichina, chuma tupu, gia haina. Kati ya bonde tunakoishi sisi na nyumba za Gungu kuna mlima ambao wabeba mizigo tunauita Toa Shati. Jina la serikali unalo, limeandikwa mahali, lakini upande siku moja na madumu manne utaelewa kwa nini hili letu ndilo lililoshika. Una kona nne. Ya kwanza unaongea, ya pili unanyamaza, ya tatu unamkumbuka Mungu. Ukimaliza ya nne, ziwa lote liko chini yako mpaka milima ya Kongo, na hapo ndipo unaruhusiwa kugeuka ukalitazama.

Nasema unaruhusiwa kwa sababu Toa Shati una sheria yake. Mtu yeyote anayepanda kwa miguu, akikukuta umesimama juu ya pedeli na mzigo unakuvuta nyuma, anaweka mkono kwenye mzigo na kusukuma. Haombwi. Anaweza kuwa mwalimu na tai yake, anaweza kuwa mama anayetoka kisimani. Na wewe unayesukumwa una sharti moja tu: usigeuke. Ukigeuza kichwa bega linafuata, bega likifuata usukani unafuata, na mawese ndani ya dumu yakishaanza kuyumba hayasikii la mtu. Ukifika juu, aliyekusukuma keshaenda zake. Asante haisemwi. Utaisema siku nyingine, kwa mkono wako, kwenye mzigo wa mwingine.

Sasa miaka sita iliyopita nilikuwa napanda, nyuma yangu Nyabenda ananisukuma. Nyabenda ni mbeba mizigo kama mimi, wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na hapa bondeni ndipo alipoota meno. Alikuwa na tabia moja akisukuma: anahesabu hatua zake kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao, rimwe, kabiri, gatatu, mpaka kumi, halafu anaanza upya. Ukiisikia ile hesabu unajua mlima umekwisha. Watu walikuwa wakimsubiri kule chini ili wapande naye.

Tulipofika kona ya tatu kulikuwa na akina mama wamepumzika na ndoo zao. Mmoja akasema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba huyo mzee anapanda kama kijana. Mimi nikataka kuona ni nani huyo mwenye macho mazuri. Nikageuka.

Haikuchukua muda. Baiskeli ililala, madumu mawili yakapasuka, mawese yakatiririka mlimani mekundu kama mtu amechinjwa, na mimi nikaacha jino langu la mbele kwenye jiwe. Watu wakaja mbio kuuliza kulikoni. Nikafungua mdomo uliojaa damu nikasema Nyabenda amenisukuma upande.

Hivyo tu. Maneno matatu. Nyabenda alikuwa amesimama, mawese yamemrukia mpaka magotini, akanitazama, hakusema kitu. Na watu wakaniamini upesi mno, ukweli niuseme. Mimi ni Muha wa hapa hapa, babu yangu amezikwa bondeni, na yeye kuna waliokuwa bado wanamwita Mrundi miaka arobaini baada ya kufika. Jioni ile kule juu kijiweni, mahali tunapokunywa chai tukishapanda, ikaamuliwa kwamba mkono wa Nyabenda ni mzito, asisukume mtu tena. Hakuna aliyesema asisukumwe. Lakini mtu asiyesukuma nani atamsukuma? Tangu siku ile alikuwa anashuka kona ya kwanza na kuikokota baiskeli yake kwa miguu, peke yake, mpaka juu.

Na mimi? Mimi nikawa sitaki mkono wa mtu. Mtu akigusa mzigo wangu nafoka. Watu wakadhani ni ule woga wa kuanguka, wakanihurumia, wengine wakanisifu kwamba Selestini hasukumwi, ana mapafu ya ng'ombe. Ukweli ni kwamba kila mkono uliokuja nyuma yangu niliuona ni wa Nyabenda. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kona nne na miaka sita.

Basi, binti yetu Diana mwaka jana alikuwa kidato cha nne. Ndiye wa mwisho, na ndiye pekee aliyefika huko. Kaka zake wawili waliishia la saba wakaenda kuvua. Wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa akateleza kwenye mawe ya kisima, mguu ukavunjika chini ya goti, akafungwa plasta mpaka pajani. Hakulia kwa ajili ya mguu. Alilia akiuliza mtihani utafanyaje. Shule yake iko juu kabisa, ukimaliza Toa Shati mbele kidogo. Nikamwambia mtihani ataufanya hata kama nitambeba mgongoni. Mimi kuahidi najua sana.

Tulipanga na Samson, kijana wa jirani mwenye bodaboda, awe anampeleka kila asubuhi. Lakini wiki ile petroli ikapotea mjini. Siku ya nne ya ukosefu huo Samson alikuwa bado ana kidogo kwenye tangi, akaniapia kwamba ameitunza kwa ajili ya Diana. Asubuhi ya mtihani wa kwanza, saa moja na dakika kumi, nikamwona anakuja kwa miguu, kofia mkononi. Usiku kuna aliyemfyonza tangi. Hakuweza hata kunitazama usoni. Mvua nayo ilikuwa imepiga mpaka alfajiri.

Mtihani ulikuwa unaanza saa mbili. Walishaambiwa shuleni kwamba atakayechelewa zaidi ya nusu saa haingii, hata aje na nani. Na ukikosa mtihani mmoja umeharibu miaka minne. Diana alikuwa amekaa kwenye kigoda, sare imenyooshwa, kalamu mbili na rula ndani ya mfuko wa nailoni, ananitazama mimi. Afadhali angelia.

Nikatoa baiskeli. Nikafunga ubao mrefu juu ya keria kwa mipira ya kufungia madumu, Veneranda akatandika blanketi. Tukamkalisha Diana akitazama nyuma, mguu wa plasta umenyooka juu ya ubao, mgongo wake umegusana na wangu, na Veneranda akatufunga pamoja kwa kanga mbili kifuani kama watu wa kichekesho. Samson akachukua magongo ya Diana akatangulia mbio, awaambie walimu kwamba mtoto yuko njiani. Aliniomba kwanza anisukume. Nikamwambia akimbie huko, asinipotezee muda.

Bondeni tulikwenda vizuri. Chini ya Toa Shati nikaangalia saa: saa mbili kasoro dakika ishirini na tano. Kukokota kwa miguu kwenye tope lile, na mgonjwa juu, ni saa nzima na zaidi. Ilikuwa lazima nipande nikiwa juu ya pedeli, na nisisimame, maana Toa Shati ukisimama katikati na mzigo huondoki tena.

Kona ya kwanza nikaimaliza. Mama mmoja mwenye ndoo akaweka mkono kwenye ubao, na mimi, kwa mazoea mabaya tu, nikafoka kwamba aache. Akaacha. Mungu anisamehe, mtoto wangu yuko mgongoni na bado nafukuza mikono. Kona ya pili mapaja yakaanza kutetemeka. Nilimsikia Diana mgongoni anavyopumua, pumzi ya mtu anayejizuia asiwe mzito. Kuelekea kona ya tatu nikaipita baiskeli ya mtu mwenye magunia mawili ya muhogo, anaikokota pembezoni. Sikumtazama. Toa Shati unatazama tairi la mbele basi.

Kwenye kona yenyewe miguu ikagoma. Sisemi nilichoka, kuchoka nakujua. Nilikanyaga pedeli na pedeli haikwenda. Tairi la mbele likaanza kupepesuka, tope likateleza chini, na nikajua tunarudi nyuma, mimi na Diana na plasta yake na miaka yake minne. Nikataka kuita watu. Hakukuwa na wa kumwita. Wa nyuma nilishamfukuza. Mtu aliyefukuza mikono miaka sita ataita kwa jina la nani?

Ndipo baiskeli ikawa nyepesi.

Ilisukumwa kwa nyuma, taratibu, katikati kabisa ya ubao, si kulia si kushoto. Pedeli ikashuka. Nikakanyaga ya pili, ikashuka. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya chini, ya mtu asiye na pumzi ya kutosha: rimwe, kabiri, gatatu, kane.

Miaka sita sijaisikia ile hesabu, na mahali penyewe ni pale pale, jiwe lililobaki na jino langu liko kushoto kwangu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kugeuka. Nilitaka kumwona uso. Nilitaka kujua kama ana hasira, kama anacheka, kama atasukuma kweli au ataachia mkono. Bega langu la kulia lilishaanza kwenda.

"Baba," Diana akasema, na sauti yake ikanipitia mgongoni, "usigeuke."

Alikuwa ametazamana naye uso kwa uso muda wote ule. Bega likarudi. Nikakaza macho kwenye tairi, machozi yananitoka hadharani, na mimi si mtu wa machozi, nikakanyaga kwa hesabu ya Nyabenda. Kumi, tena moja. Kumi, tena moja. Kona ya nne tukaipita hata sikuiona.

Tulifika getini saa mbili na dakika ishirini na moja. Samson alikuwa amesimama na magongo, na mwalimu mmoja wa kike pembeni yake ameshika saa mkononi. Wakamfungua Diana zile kanga wakanisaidia kumshusha. Kiatu cha mguu wake mzima kilikuwa tope tupu, kalamu mbili ziko salama. Akapiga magongo hatua tatu, kisha akasimama, akaniambia nirudi kwa baba Lyse, magunia yake ameyaacha barabarani. Baba Lyse ndiye Nyabenda. Lyse ni binti yake, wamekua pamoja na Diana, nasi wazazi tukijifanya hatulijui hilo.

Nilipogeuka hakuwepo. Ndiyo sheria.

Nikashuka. Nilimkuta chini ya kona ya tatu. Alikuwa ameilaza baiskeli yake kwenye tope ili aje kwetu, na baiskeli yenye magunia mawili ikishalala mlimani haiinuliwi na mtu mmoja. Alikuwa amefungua gunia moja kupunguza uzito, ameiinua baiskeli, anajaribu kulifunga tena huku akiizuia baiskeli kwa goti. Watu wawili walimpita wakaangalia pembeni. Mimi ndiye niliyewafundisha kuangalia pembeni.

Nikamsaidia kufunga. Nikamwambia apande juu ya pedeli. Akanitazama muda, uso mkavu, kisha akapanda. Nikaweka mikono kwenye magunia, na pale pale kwenye kona ya mawese yangu, nikisukuma, nikayatoa ya moyoni. Nilishukuru Mungu kwa sheria ya Toa Shati, kwa sababu kama angeweza kugeuka nisingeweza kusema.

"Nyabenda. Siku ile niligeuka mimi."

Alikanyaga pedeli mbili tatu.

"Najua," akasema. "Mkono ulisikia mzigo unageuka."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akakanyaga tena.

"Nani angeniamini, Selestini? Sukuma. Ukiachia hapa tunarudi wote."

Nikasukuma. Sijawahi kusukuma hivyo, na sikuwahi kujua kwamba kazi ya mkono ni ngumu kuliko ya pedeli. Aliyeko juu anatazama njia, aliyeko chini anatazama mgongo wa mtu tu, na mgongo wa Nyabenda ulikuwa na shati lililochanika begani, limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Miaka sita mgongo ule umepanda huku bila mkono wa mtu. Nilipomuuliza kwa nini basi alinisukuma leo, alisema hakunisukuma mimi. Alimsukuma Diana. Kisha akasema na mimi nilikuwepo, angefanyaje. Nadhani alitabasamu, lakini alikuwa ametazama mbele.

Tulipofika juu, mimi ndiye niliyepaswa kwenda zangu. Sikwenda. Nilifuatana naye mpaka kijiweni, wenzetu wapo na chai, Jeremia yupo, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyesema siku ile kwamba mkono wa Nyabenda ni mzito. Nikawaamkia, nikasimama, nikawaambia. Nilieleza yote, yule mama aliyenisifu, kichwa changu kilivyogeuka, uongo wangu wa maneno matatu. Hakuna aliyecheka. Jeremia aliweka kikombe chini akaniuliza kama ni kweli nimekaa na jambo hilo miaka sita nikinywa chai nao kila siku. Nikasema ni kweli. Akasema basi mimi ni mtu wa ajabu, na neno hilo likanichapa kuliko fimbo. Kisha akamwamkia Nyabenda kwa Kiha, kwa heshima, kama mtu anayemwona leo, na akasogea kwenye benchi apate pa kukaa.

Wiki ile nzima Nyabenda alikuwa mlangoni kwetu saa kumi na mbili na nusu, kila siku ya mtihani. Sikumwita. Mimi kwenye pedeli, Diana katikati na kanga zake, yeye nyuma anahesabu. Tulifika kabla ya kengele kila mara. Siku ya tatu nilimsikia Diana anahesabu pamoja naye kwa Kirundi, na siku ya nne wakawa wananicheka, kitu gani sijui, hawakuniambia mpaka leo. Matokeo yalipotoka Januari Diana alikuwa amepata daraja la pili, na Lyse pia la pili, wakaja wote wawili kuniambia, na mimi nikalalamika kwamba kelele zao zinaamsha kuku. Veneranda akaenda nyuma ya nyumba akaniombea.

Asante sijamwambia. Nimejaribu. Mlimani haisemwi, na nikimkuta bondeni mdomo unajifunga, tunaishia kuongea habari za tope na bei ya muhogo. Nilidhani basi nitaisema kwa mkono, kama wanavyofanya watu wote, nikaanza kumvizia chini ya Toa Shati asubuhi nimsukume.

Sijampata hata mara moja. Jumatatu ya kwanza nilikuta Jeremia ameshika gunia la kulia na Samson la kushoto, yule mama mwenye ndoo niliyemfokea ameweka mkono katikati, na mwalimu wa hesabu na tai yake anatafuta pa kushika. Jumanne hivyo hivyo. Nyabenda yuko juu ya pedeli, shingo imenyooka, hageuki, na mzigo wake umejaa mikono hata pa kuweka wangu hapapo. Basi natembea nyuma yao na baiskeli yangu, nawahesabia: rimwe, kabiri, gatatu, mpaka kumi, halafu naanza upya.